Turubai la Machela Si Turubai la Harusi

Kazi yangu ilianza siku ya Jumatano, saa saba na dakika ishirini mchana, ndani ya darasa la Kidato cha Kwanza B, na ilianza kwa sababu sikusema kitu. Klabu ya kambi ilikuwa inagawa vyeo. Mwenyekiti alishapatikana, mweka hazina alishapatikana, na cheo cha mpishi mkuu kiligombewa mpaka watu wakanuniana. Kikabaki cha mtunza maturubai. Kila aliyetajwa alikuwa na udhuru: huyu pumu, yule mgongo, mwingine kwao mbali. Dada aliyeongoza kikao akauliza, "Nani mwingine anakataa?" Mimi nilikuwa nyuma karibu na dirisha, nakataa kwa moyo wangu wote, lakini mdomo haukufunguka.

"Basi Mwanajuma amekubali. Tumpigie makofi."

Nikapigiwa makofi.

Wadogo zangu mnaoingia klabu mwaka huu, cheo hicho nilikitumikia miaka minne. Wiki iliyopita nimekabidhi ufunguo wa stoo, kwa hiyo mimi ni mstaafu wa miaka kumi na minane. Msicheke. Nimeombwa niwaachie maneno, na kwa kuwa kusimama mbele ya watu kulikuwa kunanitoa jasho la viganja, naandika. Mengi nayatoa kwenye daftari langu la kila siku, ambalo halisomwi na mtu mwingine, na msije mkaliomba.

Klabu yetu haina mahema. Tunalala kwenye machela: kitambaa kirefu cha nailoni, kamba huku na kamba kule, kimefungwa kati ya miti miwili, nawe unaning'inia katikati kama papai ndani ya wavu. Mchanga wa pwani yetu una siafu na kaa, na ukinyeshewa unageuka uji. Huko hewani siafu hawafiki kirahisi. Ila hewani hakuna paa, na hapo ndipo anapoingia mtu wa turubai. Akikosea yeye, mwenzake analala ndani ya mfuko wa maji.

Kabla sijafika mbali, mjue nilichokuwa nakipigania. Nilipokuwa kidato cha pili tulinyeshewa kambini Pangani, wasichana wawili wakarudi na homa, wazazi wakaja juu. Mwaka uliofuata Mwalimu Mkuu, ambaye wote tunamwita Madam, alituita wasichana kumi na wawili wa klabu akatuambia hivi, nimeyaandika siku ile ile: "Mtakwenda Mkwaja mara moja. Asubuhi yake nitakuja mwenyewe, nitashika shuka moja moja kwa mkono wangu. Nikikuta msichana mmoja amelowa, hata mmoja, kambi za wasichana zimekwisha. Wavulana wataendelea."

Grace, rafiki yangu, akauliza, "Madam, kule Pangani na wavulana si walilowa?"

"Wavulana hawakuniletea wazazi ofisini."

Basi. Wasichana wote, na mtakaokuja baada yetu, yaani nyinyi, mliwekwa juu ya turubai nitakalochagua mimi. Mimi ambaye kuagiza chapati kantini nilikuwa namtuma Grace.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana ujuzi wangu wote umetokana na aibu.

Aibu ya kwanza ni ya mkonge. Tulikuwa kidato cha kwanza, kambi ilikuwa karibu tu, nje ya Pongwe. Nikaona maturubai ya klabu yamefungwa kwa kamba za plastiki zilizofifia, nikasema moyoni, aibu gani hii, sisi watu wa Tanga tunafunga vitu kwa plastiki? Babu yake Grace alikata mkonge maisha yake yote, nyumbani kwao kamba za mkonge zimejaa. Tukazibeba. Nikafunga turubai nikazivuta kamba zile mpaka turubai likawa linalia kama ngoma ukiligonga. Watu wakanisifu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusifiwa shuleni kwa kitu kisicho cha daftari, nikatembea siku nzima nimenyoosha shingo.

Mvua ikaja. Kamba ya mkonge ikinywa maji hujikunja, inakuwa fupi. Sikujua. Zile kamba zilijivuta zenyewe, taratibu, kama mtu anayekaza mkanda baada ya Ramadhani, na mara tukasikia paa! Tundu moja la pembeni, la kupitishia kamba, limeng'oka na kipande chake. Paa! La pili. Turubai likaachia upande mmoja likatufunika kama kitambaa cha meza. Grace alitoka chini yake akasema, "Babu alisema mkonge ni imara. Hakusema una hasira."

Kwa hiyo la kwanza, wadogo zangu: mkonge tunaupenda, lakini turubai lifungwe kwa kamba ya nailoni, na hata hiyo usiivute kama unamlipizia mtu kisasi. Iache na pumzi kidogo.

Lile turubai lililochanika ndilo lililonipeleka kwa Bi Zuhura. Huyu ni mama wa Kidigo, anakaa Pongwe, kazi yake kukodisha maturubai na viti vya harusi na matanga. Kuna mtu aliniambia anashona matundu yaliyong'oka. Nilisimama nje ya geti lake muda mrefu nikijifunza salamu, mpaka akatoka mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Harusi au matanga?"

"Si harusi, si matanga. Ni la… kulalia."

"La kulalia! Watu wangapi?"

"Mmoja mmoja."

Alicheka mpaka upande wa kanga ukamdondoka begani. "Haya makubwa! Miaka yote hii sijaona turubai la mtu mmoja. Hata maiti huja na watu!"

Lakini alinishonea. Akanipa na chai. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa kwake, namsaidia kukunja na kuanika, na ninayoyajua karibu yote niliyatoa kwenye ua ule. Kwake sikuwa na haya, sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliongea yeye tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kulinywesha turubai. Muuza duka atakuambia lake halipitishi maji, mwache aseme. Weye shika kipande, kifanye kama mfuko, mwagia jagi la maji, kining'inize, halafu nenda kapike wali. Wali ukiiva, rudi upapase chini kwa nyuma ya kiganja. Ukikuta jasho, mshukuru muuza duka, uondoke. Kisha kuna mtihani wa jua: linyanyue juu utazame. Ukiona vitobo vinang'aa kama nyota, hilo ni chujio la nazi. Na kuna mtihani wa kidole gumba: sugua upande wenye dawa ya kuzuia maji. Ukitoka unga mweupe, dawa itaisha kabla ya kambi ya pili.

Nilipokuwa kidato cha tatu, baada ya maneno ya Madam, nilikwenda naye Bi Zuhura sokoni mjini kuchagua. Yalikuwepo ya aina tatu. La plastiki la bluu ni jepesi, ila hupiga kelele kama mtu anakula kaukau sikioni mwako, na likikaa juani msimu mmoja linapasuka kwenye mikunjo. Tena chini yake kila uso unakuwa wa bluu, mkiamka mnaogopana. La kitambaa kizito, lile la kufunikia malori, maji halipitishi, lakini ukiligusa kwa ndani wakati wa mvua, pale ulipogusa panaanza kudondosha. Na kumi na mawili ya namna ile ungehitaji punda. La tatu lilikuwa la nailoni iliyopakwa dawa, rangi ya majani makavu, ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa madaftari. Nilinywesha, nikatazama juani, nikasugua. Muuza duka akasema, "Binti, unanunua turubai au unaoa?"

Bi Zuhura akamjibu, "Anayeoa hukagua kidogo kuliko huyu. Ndiyo maana mnaachana."

Likapita mitihani yote mitatu.

Ukubwa msipime kwa futi za dukani, pimeni kwa mwili. Tandika machela chini, weka turubai juu yake, kisha pima dhiraa moja kuzidi upande wa kichwa na dhiraa moja kuzidi upande wa miguu, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Likipungua hapo, mvua ya wima utaiweza, ya ubavu itakuosha miguu.

Na lile kubwa kuliko yote aliniambia tukiwa tunarudi na mizigo yetu. "Mwanangu, turubai la harusi nalipandisha juu, mgeni asiinamishe kichwa. Ukilishusha, watu watasema umewadharau. Ndivyo tulivyozoea huku kwetu. Lakini weye huna wageni. Weye una mvua. Lishushe turubai, kichwa iinamishe mvua."

Hayo yalikuwa maneno, sasa ilibidi yawe kazi, na kazi yenyewe ilikuwa na mtu anayeipinga. Kaka Shabani, nahodha wa wavulana, alikuwa mzungumzaji kuliko redio. Mjomba wake alikuwa na turubai la harusi, lile kubwa lenye pindo nyekundu na nguzo za chuma, akaahidi kuliazima. Kwenye kikao alisema, "Moja kubwa, machela zote chini yake, wasichana upande huu, wavulana upande ule, katikati jiko. Juu kabisa! Mtu atembee wima kama yuko ukumbini. Nani hataki?"

Ule ule mtego wa kidato cha kwanza. Nikahisi viganja vinalowa. Nilisimama, nikafungua mdomo, na ninawaambia ukweli, hakikutoka kitu. Wavulana wakaanza kuguna. Basi nikafanya nililoliweza. Nilichukua kipande cha nailoni nilichokuja nacho, nikakifunga kwenye nondo za dirisha, kimeinama kama paa la nyumba. Pembeni yake nikafunga kanga ya Grace, imelala tambarare kama turubai la harusi. Nikachukua jagi la maji ya kunywa, nikarudi hatua tatu, nikamwaga, si kutoka juu, nilirusha kwa ubavu. Nailoni iliyoinama iliyatema maji sakafuni. Kanga iliyapokea yote ndani, ikatengeneza tumbo, kisha ikayaachia juu ya daftari la mwenyekiti.

Shabani akasema, "Hiyo kanga tu. La mjomba ni la maana."

Grace akasema, "Basi nyie nendeni na mjomba. Sisi tunakwenda na Mwanajuma."

Hivyo ndivyo tulivyogawanyika.

Tulifika Mkwaja siku ya Ijumaa, baada ya saa saba. Ufukweni kuna mivinje mirefu, imepandwa vizuri, mti na mti nafasi ya machela. Minazi tuliiacha na nazi zake. Nilianza kwa kuuliza swali moja tu ambalo nanyi mjiulize kila mara: upepo unatoka wapi? Ulitoka baharini. Kwa hiyo machela zote nilizielekeza ubavu kwa bahari, na upande huo turubai nililishusha mpaka karibu na mchanga, vigingi virefu, vimelazwa. Upande wa bara nikaacha juu kidogo, mtu apate kuingia kwa kuinama. Kumi na mbili, nikafunga zote, nikazikagua zote. Vibanda vyetu vilionekana vidogo, kweli, vimejikunyata chini.

Upande wa pili wavulana wamelisimamisha la mjomba. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Refu, pindo nyekundu zinapepea, Shabani amesimama katikati mikono kiunoni.

"Nyie wasichana!" akaita. "Mmejijengea mabanda ya kuku?"

Grace akamjibu bila kugeuka, "Kuku halowi, kaka. Anayelowa ni jogoo anayesimama nje kuwika."

Saa kumi na moja jioni mvua ya vuli ikaingia. Haikudondoka, ilikuja imelala, kutoka baharini, kama mtu anafagia. Sisi tukaingia chini ya nailoni zetu tukaketi ndani ya machela, miguu inaning'inia. Maji yalipiga upande ule wa chini, yakateleza, yakaingia mchangani. Nilikuwa nashika goti langu kuona kama limelowa. Kavu. Nikashika tena. Kavu.

Kwa wavulana mvua ilipita chini ya turubai kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama upepo unavyopita barazani. Na iliyoanguka juu ikajikusanya katikati, tumbo likashuka, likashuka. "Lisukumeni!" Shabani akapiga kelele. Mmoja akalisukuma kwa nguzo, na maji yote yakamwagika kwa mara moja ndani ya sufuria ya wali wa nazi. Wakati wanalia na wali, upepo ukaingia kwa chini ukalijaza turubai, vigingi vikachomoka mchangani kimoja baada ya kimoja, na la mjomba likaondoka. Watano walikuwa wamelishika kamba, likawakokota mpaka kwenye mikoko.

Nilitaka kucheka nikajizuia. Kisha nikacheka. Tulicheka wote, ndani ya machela zetu, kumi na wawili, mpaka mivinje ikatikisika. Na Grace, ambaye hajui kusamehe, akatoa kichwa nje akaimba kwa sauti ya biharusi, "Karibuni ukumbini, mtembee wima!"

Shabani alikuja mwenyewe, maji yanamchuruzika puani. Alisimama nje ya turubai langu. "Hodi, Mwanajuma."

"Karibu. Inama."

Akainama. Nimeliandika neno hilo kwenye daftari peke yake, kwenye mstari wake. Mwalimu wa zamu aliyekuja nasi aliwachukua wavulana wakalale madarasani, kwenye shule ya kijiji, juu ya madawati.

Kabla giza halijaingia nilipita kwa kila mwenzangu. Kuna jambo ambalo watu husahau: maji hayaingii kwa juu tu, hutembea. Hushuka kwenye mti, hupanda kamba ya machela, hufuata kamba mpaka kitandani, na turubai halina habari. Dawa yake ni kitambaa. Funga kipande cha kanga kuukuu kwenye kamba, kabla haijafika kwenye machela, mwisho wake uning'inie. Maji yakifika hapo yanadondoka chini. Nikafunga vitambaa kwa wote. Grace alikuwa ananishikia mkasi. Kisha nikaingia kulala nimechoka kama mbeba magunia, na mvua inaendelea kwa juu, sauti yake tamu.

Niliamka alfajiri nikiwa na baridi ya vidole vya miguu. Nikashika shuka. Upande wa miguu maji. Nikatazama kamba yangu: kumi na mmoja nimewafungia vitambaa, changu nimesahau. Mvua ilitembea juu ya kamba usiku kucha ikaja kulala na mimi.

Nitawaambia nilichofikiri, maana niliahidi ukweli. Nilifikiri kulibadilisha shuka. Grace alikuwa na mashuka mawili. Nilikaa na wazo hilo muda wote nikisikia gari la Madam likizima kwenye mto ulio kabla ya kambi, likiwaka tena. Kisha nikasema moyoni, huyu mama amekuja kushika kwa mkono wake, basi ashike ukweli.

Saa moja kasoro robo Madam alikuwa kambini, amevaa mabuti ya mvua. Akaanza mwisho wa mstari. Aliingiza mkono, akapapasa kichwani, akapapasa miguuni, akashika mpaka soksi. "Kavu." Akaenda wa pili. "Kavu." Wasichana walikuwa wamesimama kila mmoja kando ya machela yake kama askari. Kumi na mmoja, kavu. Akafika kwangu akaingiza mkono, na mkono ukasimama.

"Hii nini?"

Nyuma yake nikamwona Grace amefumba macho.

"Maji, Madam," nikasema. Sauti ilitoka. Sijui ilitoka wapi. "Si kosa la turubai. Turubai ni zima, nitakuonyesha. Nilisahau kufunga kitambaa kwenye kamba yangu. Wenzangu wote nimewafungia. Ukitaka kumfungia mtu kambi nifungie mimi, lakini hawa umewashika kwa mkono wako, Madam, hawa wakavu."

Nadhani ni maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mwalimu tangu darasa la kwanza. Madam akatazama kamba. Akatazama vitambaa vya wengine, kimoja kimoja, mstari mzima. Akaenda akagusa kimoja, kikadondosha tone kwenye buti lake.

"Hiki kitambaa nani amekufundisha?"

"Bi Zuhura, Madam. Wa Pongwe. Wa maturubai ya harusi."

Mdomo wake ukaanza kumshinda kwa kicheko. "Kinyozi hajinyoi," akasema. "Nilisema msichana akilowa. Fundi simhesabu. Kambi za wasichana zinaendelea, na hao waliolala juu ya madawati waje hapa wafundishwe."

Kelele zilizopigwa pale, sidhani Mkwaja wamezisahau. Grace alinibeba akaniangusha mchangani.

Na mimi asubuhi ile nilifanya hivi. Nilichukua shuka langu lililolowa, nikalianika katikati ya kambi, kwenye njia anayopita kila mtu, nikasimama kando yake. Kila aliyekuja kuuliza limelowa vipi nilimweleza, tangu mtini, kwenye kamba, mpaka kitandani: kwanza wavulana, mmoja mmoja, Shabani mara mbili kwa sababu alitaka kuandika, halafu watoto wa kijiji, halafu mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli. Ilipofika saa tano sauti yangu ilikuwa imekwisha kabisa, na bado watu walikuwa wanakuja.